Maji ya Kijani, Matumbo Meupe

Ukimuuliza mlinzi wa getini Mpishi yuko wapi, atakunyooshea mkono jengo la nyuma, lile lenye madirisha yaliyopakwa chokaa kuzuia jua, kisha atakutania: "Yuko jikoni, lakini usijisumbue kunawa mikono." Maana jiko lenyewe halina moto wala sufuria. Lina rafu za chuma, taa ndefu nyeupe zinazowaka kutwa kucha, chupa za kioo zenye shingo nyembamba, na mifuko minene ya plastiki inayoning'inia darini, kila mmoja ukitokota mapovu ya hewa inayopulizwa kwa mpira. Ndani yake mna mwani. Si ule mrefu wa kuokota ufukweni. Huu ni mdogo kiasi kwamba chembe zake zikijaa glasi nzima, wewe utaona maji yaliyoingia rangi, basi. Vidudu hula mwani huo, vifaranga vya samaki hula vidudu hao, na vifaranga wakishapata nguvu wafugaji huja kuwachukua. Ukiona samaki mnene sahanini, ujue mambo yalianzia kwa Mpishi, ingawa hakuna atakayemtaja.

Jina hilo hakulipata kwa mzaha. Alikuwa mpishi kwelikweli, wa shule ya bweni, mwenye mwiko mrefu kama kasia na sauti ya kuamsha mabweni yote. Shule ilipoacha kulaza wanafunzi, alikuja kituoni kuomba kazi ya kufagia. Bosi, mwenye kituo, mwanamke wa maneno machache asiyevua viatu vyake vya mpira, siku hiyo alikuwa ametoka tu kumwachisha kazi mtunza mwani.

"Umewahi kuunguza chakula?" alimuuliza.

"Mara moja, Bosi. Nililetewa habari za msiba, nikasahau sufuria."

"Afadhali wewe. Wenzako wote huniambia hawajawahi."

Akampa funguo, na pamoja na funguo akampa sheria. Kwenye rafu ya juu kabisa ndiko inakokaa mbegu: mwani safi ndani ya chupa, usioguswa na uchafu, ambao kila mfuko wa jikoni umetokana nao. Ukichota kidogo ukaupa maji, mwanga na mbolea, utajaza mifuko. Ukiumaliza, jiko limekufa. Mtunza aliyetangulia alikuwa ameumaliza. "Hapa anayepoteza mbegu anaacha funguo mezani," Bosi alisema. "Sigombi na mtu. Funguo mezani." Mpishi alicheka kidogo, maana alikotoka hata mtoto anajua kuwa mbegu hailiwi.

Kazi aliipenda mapema. Vidudu wake, waliokaa kwenye matangi chini ya rafu, aliwaita wanafunzi, kwa mazoea. Walikuwa wadogo kama vumbi, ila vumbi linaloruka: ukiinua glasi mbele ya taa unaona nukta zinatulia, zinachupa, zinatulia tena. Aliwalisha mwani wa aina mbili. Ule wa kijani ulikuwa mgumu wa maisha. Mpishi alisema hata ukiutukana unaota tu. Ule wa pili, wa rangi ya chai nyepesi, ambao wote kituoni waliuita wa dhahabu, ulikuwa na kisirani. Joto likizidi unanuna. Ukichelewa kuugawa unaanguka chini ya mfuko na kuoza. Lakini Mpishi alijua kuubembeleza, na kwa miaka kadhaa matangi yake hayakuwahi kukauka rangi. Bosi akipita na wageni, aliinua kifuniko na kusema, "Tazameni maji yalivyo na rangi," na Mpishi alisimama kando akijifanya hasikii.

Ukuta mmoja tu ulitenganisha jiko na chumba cha vifaranga, na upande wa pili wa ukuta huo alifanya kazi binti yake, kitinda mimba wake, aliyesomea ufugaji wa samaki. Kituoni walimwita Mtaalamu. Lilianza kama utani, kisha utani ukaisha, jina likabaki. Bosi aliwakataza kuitana baba na mwanangu saa za kazi, wakajaribu, wakashindwa, naye akachoka kuwakumbusha.

Sasa sikiliza jinsi balaa lilivyoingia. Msimu wa joto, kiyoyozi cha jikoni kilikohoa, kikanyamaza. Mpishi alikigonga kwa kiganja, akakigonga kwa ufagio, kisha akakiacha. Alitundika vitambaa vibichi mlangoni, akafungua dirisha la nyuma, akajiambia joto litapungua. Halikupungua. Mifuko ya dhahabu ikaanza kufa mmoja mmoja, hadi ukabaki mfuko mmoja uliodhoofika na ile chupa ya mbegu, ambayo aliishusha kutoka rafu ya juu na kuiweka kwenye karai la maji baridi chini ya meza. Angeweza kwenda ofisini akasema. Ofisi haikuwa mbali, ni kuvuka uwanja tu. Lakini alimkumbuka aliyemtangulia, akaona aibu, na aibu ikamfunga miguu. Akafanya kile ambacho kila mpishi amewahi kufanya wageni wakizidi: akaongeza maji kwenye mchuzi. Kila alfajiri alimimina dhahabu kidogo na kijani kingi, na matangi yakabaki na rangi nzuri. Hakumwambia mtu. Hata binti yake.

Vifaranga wa kundi la kwanza walikufa. Kifaranga wa samaki huzaliwa na kijifuko cha kiini cha yai tumboni, ndicho chakula chake cha siku za mwanzo. Kikiisha, mdomo unafunguka na inabidi awinde. Hawa walifungua midomo, wakawinda vidudu, wakala, na bado wakafa, wakalala chini ya tangi kama pamba iliyochambuliwa. Kundi la pili likafa vilevile, pale pale kiini kilipoisha. Mtaalamu alipima chumvi, joto na hewa, akasugua matangi hadi vidole vikachubuka. Kila asubuhi alihesabu vidudu kwa hadubini akakuta wapo tele.

Baada ya hapo Bosi alikuja chumba cha vifaranga, akasimama mbele ya matangi matupu.

"Samaki wazazi wako karibu kuacha kutaga," alisema. "Kundi lijalo ndilo la mwisho msimu huu. Nalo likifa, Mtaalamu, utanisamehe. Chumba hiki nitakifanya stoo ya magunia, na sitakuwa na kazi ya kukupa."

Nyumbani mambo yakawa hivyo hivyo. Siku moja mezani binti aliuliza taratibu, akichagua maneno, "Baba, hivi wale vidudu wako wanashiba?" Mpishi akaweka kijiko chini. Alilisha shule nzima, alisema, na hakuna mtoto aliyewahi kulala njaa, sasa mtoto aliyemlisha mwenyewe anamuuliza kama anajua kushibisha vidudu! Alipandisha sauti kuliko swali lilivyostahili, na mkewe akaliona hilo.

"Mlikuwa na ukuta mmoja kazini," mkewe alisema akikusanya vyombo. "Naona sasa mmeuhamishia mezani kwangu."

Kundi la mwisho lilianguliwa wiki hiyohiyo, likajaza matangi matatu.

Asubuhi ambayo kiini kilikuwa kinaelekea kuisha, Mtaalamu aliingia jikoni bila kubisha. Mkononi alikuwa na kipande cha kioo chenye tone la maji, na uso wake ulikuwa umekauka.

"Baba, njoo utazame kitu."

"Shikamoo kwanza," Mpishi alisema.

"Shikamoo. Njoo utazame."

"Marahaba. Nina kazi."

"Nimekuwa nawahesabu tu," binti alisema, kama hakusikia. "Kila siku nahesabu wako wangapi. Leo sijui kwa nini, woga tu, nimemwangalia mmoja tumboni. Hamna kitu. Nikamwangalia wa pili. Hamna kitu. Baba, ni weupe, wanapitisha mwanga kama kioo. Wanangu wanakula magamba matupu."

"Maji yangu unayaona au huyaoni?" Mpishi alinyoosha kidole kwenye matangi. "Kijani kitupu. Chakula kimejaa mpaka shingoni. Mtu anakufaje njaa ndani ya sufuria?"

"Ndicho nachouliza hicho."

Mdomo wa Mpishi bado ulitaka kubisha. Alivuta kigoda, akakaa mbele ya hadubini ya jikoni. Mara nyingi alikuwa ameitumia kutafuta uchafu kwenye mwani. Wale vidudu wenyewe hakuwahi kukaa nao uso kwa uso. Alizungusha kirungu hadi picha ikatulia. Kidudu kilikuwa na mwili kama punje ya mchele iliyochongwa, na ndevu mbili ndefu zilizotandazwa pande zote. Miguu midogo chini ya kidevu ilizunguka upesi ikivuta maji. Chembe ya kijani ikaja, ikafika mdomoni. Kidudu kikaishika, kikaigeuza, kikaitupa. Ikaja nyingine. Kikaigeuza, kikaitupa.

Mpishi alisogeza kioo, akatazama maji yaliyokizunguka. Kijani, kijani, kijani. Alfajiri ile ile alikuwa amemimina dhahabu kwa mkono wake. Aliitafuta kila pembe ya duara lile la mwanga asipate hata chembe moja.

Na hapo jambo likamkumba, si kwa elimu ya vitabu bali kwa miaka aliyosimama mlango wa bwalo. Alikuwa amewaona watoto wengi. Unachanganya mboga na nyama ili nyama itoshe wote, nao wanakaa wanachambua, wanakula nyama, na sahani inarudi imejaa. Mwalimu wa zamu akipita mbali ataona sahani zimejaa, atasema watoto wameshiba wamesaza.

"Wamechagua," alisema.

"Nini?"

"Wamekula dhahabu, hii ya kijani hawaitaki. Wanaikamata na kuitema. Wanachoka kutema tu." Aliondoa jicho kwenye hadubini lakini hakugeuka. "Mwanangu, dhahabu ninayowapa ni kidogo sana. Kiyoyozi kilikufa. Mifuko imeoza. Nimekuwa najazia kijani."

"Tangu lini?" binti aliuliza.

"Joto lilipoanza."

"Kundi la kwanza lilikuwepo?"

Mpishi aliitikia kwa kichwa.

"La pili, Baba?"

"Nalo."

"Nilikuwa nalia chumbani kwangu," Mtaalamu alisema, na sauti yake ilikuwa ndogo kuliko alivyotarajia. "Ukaja ukanipigapiga mgongo. Ukaniambia nimwachie Mungu. Ulijua unachokificha, na ukanipigapiga mgongo."

Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua, na hakuna kilio kinachochoma kama cha mwanao. Mpishi alitamani sakafu ipasuke. Kwa mara ya kwanza tangu joto lilipoanza hakutafuta la kujitetea. "Nimekukosea," alisema. "Utanigombeza baadaye. Hao vifaranga wana muda gani?"

Binti alijifuta uso kwa mkono wa koti. "Mpaka jioni wengi watakuwa wamemaliza kiini. Asiyekula leo, kesho hana nguvu ya kuwinda."

Wakaanza. Hapo hapakuwa na baba wala mwana, palikuwa na mikono minne. Walichota vidudu tangi kwa tangi, wakawamimina polepole kwenye chujio la kitambaa laini linalopitisha mwani na kuzuia vidudu, wakawaosha kwa maji safi ya chumvi hadi kijani chote kikatoka. Kazi hiyo haina haraka: ukimimina kwa nguvu unawaponda. Mtaalamu alishika chujio, Mpishi alimimina, na kila ndoo ilionekana kuchukua nusu ya uhai wake. Jasho lilimwingia machoni, hakuthubutu kulifuta. Mwishowe wanafunzi wake wote walikuwa kwenye maji meupe, safi, wasio na chochote cha kula wala cha kutema.

Kisha Mpishi akaufungua ule mfuko wa mwisho wa dhahabu. Hakuhitaji hadubini. Harufu ilimtosha, na ule utelezi wa kahawia uliolala chini. Sehemu ya juu iliyobaki hai ilijaza jagi moja dogo.

"Hii ni ya kuonja," alisema.

Wote wawili walitazama chini ya meza, kwenye karai la maji baridi. Chupa ya mbegu ilikuwa imetulia humo, rangi yake nzito, nzuri, isiyo na doa.

"Hapana," Mtaalamu alisema haraka. "Hiyo hapana, Baba."

"Sijasema kitu."

"Nakujua. Hiyo hapana. Ukiimwaga Bosi atakuondoa, unajua kabisa atakuondoa. Mimi bado kijana, nina cheti, nitazunguka nitapata kazi. Wewe nani atakupa kazi kwa umri huu? Mama atasemaje?"

"Mama yako ana maneno mengi, hatakosa la kusema."

"Usinitanie!" Alimshika mkono juu ya kiwiko, akakaza. "Maji yakimwagika hayazoleki. Kuna wazazi wachache bado wanataga, labda tutapata mayai mengine—"

"Bosi kasema hili ni la mwisho."

"Basi na liwe la mwisho!"

Mpishi alimtazama. Alimwona mtoto aliyekuwa akikaa juu ya gunia jikoni kwake shuleni, miguu haifiki chini, akiuliza kwa nini viluwiluwi hawana miguu ya mbele kwanza. Hakuwa na wa kumuuliza mwingine, na yeye hakujua jibu, akamwambia atalisoma. Basi alikuwa amelisoma. Alikuwa amesoma mpaka akafika upande wa pili wa ukuta huu, halafu babake akamchimbia shimo mlangoni.

"Matangi matatu ni mengi," alisema kwa upole. "Hata nikiimwaga yote itashibisha vidudu wa kulisha tangi moja. Nenda kaangalie tangi lipi vifaranga wake wana kiini kidogo kilichobaki. Chagua moja. Nenda, tunapoteza muda."

Alimtoa kwa ujanja huo. Binti alikwenda, akageuka mlangoni, akamtazama, akaenda. Mpishi alipiga magoti, akaitoa chupa kwenye karai, akaipangusa kwa aproni. Aliogopa. Nasema wazi aliogopa, maana watu hupenda kusimulia ushujaa kana kwamba shujaa hana woga. Akaimimina kwenye ndoo ya vidudu, pamoja na ile ya jagi. Alimimina mpaka chini, akabakiza kijiko tu cha kusuuzia, kwa tumaini la kwamba jungu kuu halikosi ukoko, akakihamishia kwenye chupa nyingine, akakiongezea maji na kukiweka kwenye mwanga.

Mtaalamu aliporudi aliikuta chupa tupu mezani. Alikaa kwenye kigoda, akaweka tone kwenye kioo, akasubiri. Walitazama kwa zamu. Mwanzo hakukuwa na mabadiliko, vidudu walikuwa kama wamesahau kula. Kisha mmoja akavuta chembe ya dhahabu, akaigeuza, na haikurudi. Nyingine ikaja, ikapotea. Baada ya muda mstari mwembamba wa rangi ya chai ulionekana ndani ya mwili wake, kuanzia kidevuni hadi mkiani.

"Ana tumbo," binti alisema. "Baba, ana tumbo."

Waliwabeba kwa ndoo hadi chumba cha pili, wakawamimina kwenye tangi alilochagua. Sasa ilibaki kazi ya vifaranga wenyewe, na hapo binadamu hana la kusaidia. Vifaranga walining'inia kwenye maji kama nyuzi zenye macho. Mtaalamu alimulika tochi pembeni. Kifaranga mmoja alijikunja, akajifyatua, akakosa. Akajikunja tena, akakosa tena. Wa pembeni akajikunja, akajifyatua, na kidudu kilichokuwa mbele yake hakikuwepo tena.

Walisimama pale hadi nukta ya kahawia ikaonekana kwenye tumbo la mmoja, kisha kwa wawili, kisha kwa wengi wasiohesabika. Hawakushangilia. Nyuma yao kulikuwa na matangi mawili mengine, na vifaranga wa humo nao walikuwa wamefungua midomo. Mtaalamu alizima tochi ili asiwaone.

Matangi yale mawili yalikufa kama ilivyotarajiwa. Lile moja lilivuka. Kiini kiliisha, vifaranga wakaendelea kuogelea. Siku iliyowaua ndugu zao ikaja, ikapita, nao wakawa na nguvu ya kula chakula kikubwa zaidi, kile ambacho Mtaalamu anakitengeneza mwenyewe. Lakini kijiko kile cha mbegu hakikuota. Kilikuwa chembamba mno kwa mwanga na joto lile. Kikapauka, kikawa maji ya maziwa.

Bosi alikuja na viatu vyake vya mpira. Alitazama tangi kwa muda mrefu, akachutama, akatazama kutoka pembeni.

"Moja," alisema.

"Moja, Bosi," Mtaalamu alijibu.

"Juzi lilikuwa sifuri. Chumba hiki kitabaki chumba cha vifaranga." Aliinuka, akatabasamu, jambo adimu. "Msimu ujao nataka matatu. Twende jikoni tuone Mpishi amejiandaaje."

Mpishi alikuwa amesimama kando ya meza. Funguo alikuwa ameshaziweka juu ya meza, karibu na chupa yenye maji ya maziwa. Alieleza yote kwa mpangilio: kiyoyozi, joto, mifuko, mchuzi aliouongezea maji, makundi mawili aliyoyaua akiwa kimya, na mbegu. Hakuacha kitu, na hakumtaja binti yake isipokuwa kusema kwamba alimkataza kuimwaga.

Bosi alisikiliza. Aliinua uso kukitazama kiyoyozi kilichojaa vumbi juu ya mlango.

"Ungeniambia kimekufa," alisema, "ningeleta fundi siku hiyohiyo."

Maneno hayo yalikuwa mepesi na hayakuwa na hasira, na ndiyo sababu yalimchoma Mpishi. Alikuwa amejiandaa kwa matusi. Hakujiandaa kwa jambo dogo namna ile.

"Naam, Bosi."

"Mbegu nitaagiza kituo kingine, na mtu wa kuitunza nitamtafuta. Nikikuacha jikoni, kesho mwingine ataficha, halafu ataniuliza mbona Mpishi ulimwacha." Alichukua funguo. "Sikufukuzi. Kuna matangi ya kuoshwa. Utakuwa unaosha matangi ya Mtaalamu, na yeye ndiye atakayekupangia kazi."

Akatoka. Mtaalamu alikuwa mlangoni na alikuwa amesikia yote. Alianza kufungua vifungo vya koti lake jeupe, akikosea matundu.

"Sibaki," alisema. "Siwezi kukupangia kazi wewe. Siwezi kukaa ndani nimekaa na hadubini, baba yangu yuko nje anasugua matope. Nakwenda kumwambia Bosi sasa hivi. Tunaondoka wote."

Mpishi alimsogelea. Alizishika zile pande mbili za koti, akazikutanisha, akaanza kufunga vifungo kimoja kimoja kutoka chini kwenda juu, kama alivyokuwa akimfungia sweta asubuhi za shule. Macho yake yalikuwa yamejaa na hakuyaficha.

"Ukiondoka," alisema, "nitakuwa nimeimwaga bure."

Binti aliinamisha kichwa kwenye kifua chake, akalia kwa sauti, na Mpishi akaacha alie bila kumpigapiga mgongo. Ng'ambo ya ukuta mapovu ya tangi moja yaliendelea kuchemka. Ilikuwa saa ya kulisha.

"Haya," alisema mwishowe. "Nipangie kazi."

Mtaalamu alijifuta uso.

"Lile tangi tupu la mwisho," alisema. "Anza na lile la mwisho, Baba."

Mpishi akachukua brashi na ndoo, akaenda.